Nguo ya Mama Anyonyeshaye



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Alhamisi iliyopita, baada ya darasa la kina mama tunalolifanya hapa Voi kati ya Alasiri na Magharibi, tuliletewa kikaratasi kutoka upande wa pili wa pazia. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, kama ilivyo desturi ya maswali yenye haya. Aliyekiandika ni dada mwenye mtoto wa miezi minne. Anauza mitandio na nguo za watoto, na mara mbili kwa wiki hupanda matatu kutoka Voi kwenda Wundanyi kwa njia ya Mwatate, mtoto akiwa mapajani. Aliuliza: je, ni dhambi kumnyonyesha mtoto ndani ya gari penye wanaume? Chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi, aliongeza maneno ambayo hayakuwa swali. Buibui lake limefungwa hadi shingoni na zipu yake iko mgongoni. Kwa hivyo siku za safari humpa mtoto maziwa ya kopo kwa chupa, na sasa mtoto ameanza kulikataa ziwa hata siku za nyumbani.

Tulimjibu kwa haraka, kwani Magharibi ilikuwa imekaribia. Tulisema si dhambi madhali amejisitiri, tukaingia katika swali jingine lililohusu eda. Ni njiani kurudi nyumbani ndipo yale maneno ya chini yalipotuandama. Yule mtoto haachishwi ziwa na mamake, wala wazazi wake hawakukaa wakashauriana kama Qur'ani inavyoelekeza. Anaachishwa ziwa na zipu.

Inatubidi tukiri jambo. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumekuwa tukiwaeleza kina mama sifa za vazi la mwanamke wa Kiislamu: liwe pana, lisionyeshe ngozi, lisichore umbo la mwili. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi hata mara moja kuuliza vazi hilo hufunguka wapi. Mwanamume aliyevaa kanzu yenye vifungo kifuani hana linalomkumbusha suala hilo, nasi hatukukumbuka.

Tena tulikuwa na sababu ya kukumbuka. Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, tulishuka Mombasa tukamnunulia mama watoto buibui la Idi. Lilikuwa jeusi la nida, limetiwa mawe ya kumetameta kifuani, na shingo yake imefungwa. Tuliona tumefanya jambo kubwa. Naye, kwa kutustahi, alilivaa tangu asubuhi tukazunguka nyumba hadi nyumba kupeana mkono wa Idi. Kila alipotaka kunyonyesha ilimbidi atafute chumba, alivue lote, kisha alivae tena, na baada ya nyumba ya tatu aliona haya kuomba chumba. Usiku ule alishikwa na homa. Titi la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, na la moto mkononi. Muuguzi aliyempokea hakumuuliza amekula nini. Alimuuliza, "Mchana kutwa ulikuwa umevaa nini?" Swali hilo tulilisikia kwa masikio yetu, kisha tukalisahau mpaka Alhamisi iliyopita.

Basi leo tulizungumze jambo hili kwa urefu, na tuanze pale Mola wetu alipoanzia.

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anazungumza juu ya kina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Papo hapo, katika aya hiyo hiyo, anamtaja baba na kumwekea wajibu wa mambo mawili juu ya mama huyo: chakula chake, na kiswa chake, yaani mavazi yake, kwa wema unaojulikana. Sisi kina baba tumelishika vizuri lile la kwanza. Mke akizaa tunatafuta kuku, tunasaga pilipili manga, tunapika uji wa viungo. Lile la pili tunalipita kana kwamba halikuandikwa. Ajabu ni kwamba halikutajwa katika aya ya ndoa au ya sherehe. Limetajwa katika aya ya kunyonyesha.

Wafasiri wametofautiana iwapo aya hii inawahusu hasa wanawake waliopewa talaka au kina mama wote. Kwa maudhui yetu hakuna tofauti kubwa. Ikiwa mwanamke aliyekwisha kuachwa anastahiki nguo kwa sababu anamnyonyesha mtoto wa mtu, aliyebaki ndani ya nyumba hawezi kuwa na haki pungufu.

Vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafi vimeingia ndani zaidi. Vinaeleza kwamba mavazi ya mke hutolewa mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa msimu wa joto na mwanzo wa msimu wa baridi, na kwamba msimu wa baridi huongezewa vazi la kukinga baridi. Maana yake ni kwamba wanavyuoni walitazama hali ya hewa ya mahali anapoishi mke na mahitaji ya mwili wake. Hawakusema "mnunulie kitu kizuri wakati wa Idi." Mume akiwa bahili, kipo kisa mashuhuri cha Hindu mke wa Abu Sufyan, ambaye Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Tunajua kuna kina baba watakaotununia kwa kukitaja kisa hiki ukumbini. Tumekitaja.

Wazee wetu wa pwani nao walilijua jambo hili kwa njia yao. Tazameni majina ya zawadi anazotoa bwana harusi kwa mama wa bibi harusi: mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Leo zinatolewa kama pesa ndani ya bahasha, lakini majina yamebaki. Siku ya kumchukua binti, kijana hulipa kwanza deni la nguo ambazo mamake alizichakaza akimlea. Sasa kijana huyo huyo akipata mtoto, husahau kwamba mkewe naye anahitaji nguo za kuchakaza.

Wengine watasema kwamba mama zetu walinyonyesha bila mazungumzo haya yote. Ni kweli, lakini hebu tukumbuke walivaa nini. Nyumbani walijifunga leso, na leso haina zipu wala kola. Huilegeza kidogo, mtoto ameshafika. Wakitoka walivaa buibui la zamani, lile pana la kuvutwa kutoka kichwani na kushikwa kwa mkono, na mtoto aliingia ndani yake kama aingiaye chumbani. Mtu aliyeketi kando hakujua iwapo mtoto ananyonya au amelala. Katika miongo ya karibuni tumelibadilisha buibui hilo kwa abaya ya mshono wa Ghuba, iliyokatwa kufuata mwili na kufungwa juu. Hatusemi ni vazi baya. Tunasema lilipokuja, hakuna aliyeuliza mwenye mtoto atafanyaje.

Na sheria yenyewe haikumziba mama. Katika Suratun Nur, aya ya 31, wanawake Waumini wanaamrishwa wateremshe mitandio yao juu ya "juyubu" zao. Jaibu ni ule uwazi wa vazi shingoni na kifuani. Aya inakiri kwamba nguo ina uwazi pale, kisha inaagiza kitambaa cha juu kiufunike. Huo ndio mshono tunaoutafuta leo: nguo ya chini inayofunguka, na mtandio wa juu unaositiri. Akiwa na kina mama wenzake hana haja ya kujificha wala kujitesa, na akiwa mbele ya wanaume wasio maharimu zake ajisitiri, anyonyeshe, asione haya. Wala asitumwe chooni. Mwezi wa Mei 2018 kina mama waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuzuiwa kunyonyesha katika mkahawa na kuelekezwa chooni. Hatukuafikiana na kila kilichosemwa siku ile, lakini katika hilo moja walikuwa na haki: hakuna anayekula chakula chake chooni, basi kwa nini mtoto?

Sasa tuingie katika nguo zenyewe. Mengi ya haya tumeyapata kwa mama watoto, ambaye tulimsomea kikaratasi naye akatujibu kwa muda wa saa nzima. Mengine tumeyauliza kwa wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto na kwa mafundi.

La kwanza ni kitambaa, na hapa Voi ndilo lililo zito. Mji wetu uko chini ya mita 600 juu ya bahari, pembeni mwa nyika ya Tsavo, na miezi ya kabla ya masika jua lake halina huruma. Mama anyonyeshaye hutoka jasho jingi na kifua chake huwa na unyevu muda wote. Nida, krepu na vitambaa vyote vya jamii ya poliesta havinywi jasho, vinalirudisha mwilini. Pamba hulinywa. Kipo kipimo rahisi cha dukani: tia tone la maji juu ya kitambaa. Likizama, kitambaa kitapokea jasho. Likisimama kama shanga, kiache dukani. Ikiwa buibui la juu ni la nida na hapana uwezo wa jingine, basi angalau kila kinachogusa mwili chini yake kiwe cha pamba.

Na rangi? Sharia haikumlazimisha mwanamke nyeusi. Kijivu, hudhurungi au bluu iliyokoza hustiri sawasawa na huvuta joto kidogo kuliko nyeusi, na kwa vumbi letu jekundu la Voi, nyeusi haibaki nyeusi baada ya saa sita za mchana. Kwa nguo za ndani na za nyumbani, vitambaa vyenye maua na nakshi ni bora kuliko vya rangi moja, kwa sababu maziwa yakivuja doa halionekani. Ni jambo dogo, lakini mama mmoja alitwambia aliacha kuhudhuria darasa miezi mitatu kwa kuogopa doa hilo.

Sasa mtazameni dada yetu wa kikaratasi. Anaondoka Voi jua likichomoza na joto lake, na gari likiisha kupita Mwatate na kupanda vilima vya Dembwa, anaingia katika ukungu. Wundanyi iko juu zaidi ya mara mbili ya Voi, na asubuhi zake humtetemesha mtoto. Vazi moja zito haliwezi kumfaa kwa safari hiyo. Anahitaji nguo nyepesi zinazopandana: gauni la pamba ndani, buibui jepesi juu yake, na sweta ya kufungua mbele kwa vifungo, isiwe ile ya kuvalia kichwani. Sweta ya kuvalia kichwani ni adui wa mama. Akitaka kunyonyesha lazima aipandishe yote, na baridi inampata yeye na mtoto pamoja.

Juu ya hayo awe na leso mbili. Hatujaona vazi lililoshinda leso kwa mwenye mtoto. Ni pamba, huuzwa mbili mbili, upana wake unamtosha mama na mwanawe, hufuliwa kwa dakika chache na hukauka haraka. Moja ya kubebea, moja ya kusitiri. Kina mama wa Taveta wana bahati zaidi, kwani za Tanzania huwafikia kwa urahisi kupitia Holili. Pamoja na hayo kuna tahadhari. Fundo la leso ya kusitiri lifungwe begani, lisifungwe shingoni, na upande wa juu ubaki na nafasi ili mama amwone mtoto usoni muda wote. Mtoto asifunikwe gubigubi ndani ya gari lenye joto, hasa kwa kitambaa kizito cheusi. Hewa chini yake huwa moto upesi, na mtoto mchanga hawezi kulisukuma kando.

La pili ni ufunguzi. Hapa tunawaomba msitupe mabuibui yenu, wala msitafute yaliyoandikwa "ya kunyonyeshea" kwa bei ya kutisha. Mpelekee fundi lile lile ulilonalo. Atapasua katika mishono miwili ya kifuani, kulia na kushoto, na kila upande atatia zipu ya urefu wa shubiri moja au zaidi kidogo. Zipu iwe ya plastiki, kwani ya chuma hupata moto juani na hukwaruza. Nyuma yake ashone kipande cha bitana ili meno yake yasimguse mtoto shavuni. Mtandio mrefu unaofika kiunoni ukiteremka juu yake, hakuna atakayejua kuwa pana zipu, wala kuwa imefunguliwa.

Kosa tunaloambiwa hutokea sana ni hili: buibui limetiwa zipu, lakini gauni la ndani limefungwa. Mama anafungua lango kisha anakuta mlango una kufuli. Uwazi wa ndani na wa nje lazima ukutane. Kwa gauni la ndani inatosha kulifungua mbele kwa vifungo mpaka juu ya tumbo, au kulikata vipande viwili, blauzi na sketi, ili blauzi ipandishwe kutoka chini huku buibui likisitiri ubavu. Dira nazo, ambazo kila nyumba inazo, ni pana na zina raha, lakini nyingi shingo yake haitoshi kupitisha titi. Fundi azipasue kifuani na kutia vifungo vya kubana.

Kipimo cha mwisho ni cha mama watoto, na tumeona hakuna kilicho bora. Kabla ya kutoka nacho safari, keti kitini nyumbani, mshike mtoto kwa mkono mmoja, na ujaribu kufungua, kunyonyesha na kufunga kwa mkono uliobaki. Vazi likihitaji mikono miwili, halijafaulu. Mwenye kununua nguo bila kulijaribu hili, asema, amenunua nguo ya picha.

Tunaomba radhi kwa kuingia katika sidiria, lakini sheria yetu haina haya katika elimu, na madhara yake ni makubwa kuliko ya buibui. Sidiria inayobana, au yenye waya chini, hukandamiza titi mahali pamoja, na maziwa yasipotoka vizuri titi huvimba na huweza kuwaka na kuleta homa, kama ilivyotokea nyumbani kwetu. Matiti hubadilika ukubwa katika wiki za mwanzo, kwa hivyo ile ya kabla ya uzazi haitafaa. Itafutwe ya pamba, yenye mikanda mipana, isiyo na waya, na ikiwezekana yenye kufunguka mbele kila upande peke yake. Titi likishaanza kuuma na kuwa jekundu, mama asiache kunyonyesha upande huo. Aendelee, na aende kituo cha afya mapema asisubiri jipu. Kwa maziwa yanayovuja, vipande vya leso kuukuu vilivyokunjwa mara kadhaa vinatosha kabisa, vibadilishwe kila vinapolowa, vifuliwe na kuanikwa juani. Vya dukani vyenye nailoni nyuma hushika unyevu, na chuchu ikikaa katika unyevu hupasuka.

Mapambo tuyataje kwa ufupi. Mawe, shanga na nakshi za uzi wa dhahabu kifuani zisubiri mtoto akue. Zinamkwaruza uso, na akifikisha miezi sita atazing'oa na kuzitia kinywani. Pini za mtandio zisikae karibu na kichwa chake. Vifungo vya sumaku vilivyoingia siku hizi visitumiwe kabisa na mwenye mtoto, kwani sumaku ndogo ikimezwa ni hatari kubwa.

Udi sisi tunaupenda na ni sunna kujipendezesha. Lakini mtoto mchanga hulijua ziwa la mamake kwa harufu, na moshi mwingi humdhuru pumzi. Katika wiki za mwanzo yafukizwe mabuibui ya kutokea, na nguo za kunyonyeshea ziachwe na harufu ya sabuni tu.

Lililotushtua zaidi ni la sandukuni. Nyumba nyingi za pwani na za huku kwetu huhifadhi nguo na leso za uzazi pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza nondo na mende, yaani nafthalini. Bibi huzitoa siku mjukuu akizaliwa, zikiwa bado zinanuka, na mtoto huvikwa papo hapo. Wapo watoto, na katika pwani yetu yenye malaria si wachache, waliozaliwa na upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Kwao harufu ile huweza kuvunja chembe za damu na kuleta umanjano mkali wa macho na ngozi, na umanjano ukizidi huharibu ubongo. Mama hawezi kujua kwa macho kama mwanawe ana upungufu huo. Basi vidonge hivyo visitiwe kabisa katika sanduku la nguo za mzazi na mtoto. Nguo zilizokwisha kukaa navyo asivikwe mtoto mchanga, na mtoto akionekana wa manjano apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Imebaki swala, kwani tunajua wapo wanaochelewesha swala kwa sababu ya nguo. Maziwa ya mama ni twahara. Yakivuja yakalowesha buibui, swali nalo. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hali chochote ila maziwa, hunyunyiziwa maji yakaenea mahali ulipofika, inatosha. Wa mtoto wa kike huoshwa. Matapishi ya mtoto katika madhehebu yetu ni najisi, ila wanavyuoni wamesamehe kinywa chake kinapogusa ziwa la mamake, kwa kuwa hapana njia ya kuepukana nalo. Ama nguo, paoshwe palipopatwa, si lazima vazi zima. Njia nyepesi ni kuweka vazi moja la swala, jilbabu pana la kuvaliwa juu ya chochote, likae mbali na mtoto. Na tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuujua moyo wa mamake.

Kwa wale wanaofanya kazi za kuajiriwa, mashambani mwa mkonge, madukani au maofisini, wajue pia kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea, na kumpa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Mwenye buibui lenye zipu ya mgongoni, sehemu kubwa ya saa hiyo itapotea akijivua.

Kuhusu dada yetu wa kikaratasi. Jumatatu baada ya Isha alitujia kijana tusiyemjua, akangoja watu wapungue. Alisema yeye ndiye mumewe, na ndiye aliyelinunua buibui lile, zawadi ya kutoka arubaini. Alikuwa na haya, akaangalia chini. Tukamsimulia la kwetu la Idi, mawe yake na homa yake, akacheka kwa mara ya kwanza. Akauliza nani anaweza kulipasua bila kuliharibu. Tulimwelekeza kwa mzee mmoja anayeshona barazani karibu na soko, na tukamsihi mkewe apite kliniki aelekezwe jinsi ya kumrudisha mtoto, maana ziwa lisiponyonywa maziwa yake hupungua, na likinyonywa tena huongezeka.

Jana alitupigia simu. Fundi alimwahidi Jumanne akampa Alhamisi, ambayo kwa mafundi ni mapema. Zipu mbili za plastiki, zenye bitana nyuma. Muuguzi naye amewaambia wamjaribu mtoto akiwa na usingizi, kifua kwa kifua, bila haraka. Usiku wa kuamkia jana alinyonya upande wa kulia mpaka akasinzia. Wa kushoto bado anaukataa.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutajibu maswali mliyotuletea juu ya funga ya Ramadhani kwa anyonyeshaye na mwenye mimba. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.